Wa Mwisho Kuoga

Ulimwona. Usianze kuniambia hukumwona, kwa sababu nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya duka la ushirika siku ile Reino Niskala aliposimama mbele ya rafu ya kahawa, pakiti moja mkono huu na pakiti ya aina ileile mkono ule, akishindwa kuamua achukue ipi. Macho yalikuwa yanamchuruzika machozi. Hakuwa analia, ni kichwa kilikuwa kinamgonga. Ukageuza shingo. Ukajifanya unasoma bei ya samaki wa chumvi. Jioni ukamwambia mwenzako mezani, "Reino naye kaanza kupotea, masikini," halafu ukaomba usogezewe viazi.

Mimi ni Sylvi, mdogo wake marehemu Elma, mke wa Reino. Nimeendesha malori ya mgodi hapa Sorvala mpaka magoti yakagoma. Sikusoma zaidi ya sekondari ya mji huu. Mengine yote nimeyaokota kwenye kabati la vitabu la ukumbi wa chama cha wafanyakazi na kwenye midomo ya wazee waliokuwa wanakufa. Miwani nasahau nilikoiweka. Nani alifanya nini, hilo sisahau.

Sisahau kwamba babu zetu, waliotoka Ufini kuja kuchimba chuma kaskazini hii ya Minnesota, walikuwa na daktari wa kampuni aliyempima mtu kama unavyopima shoka: linakata au halikati. Na sisahau kwamba walichoka, wakachanga, wakamleta daktari wao wenyewe, akala mezani kwao, akajua nani anapigwa nyumbani na nani hana buti za baridi. Kliniki ile ya matofali mekundu waliijenga kwa mikono yao baada ya zamu. Kisha bodi yetu ya kliniki, watu tuliowachagua sisi kwa kunyoosha mikono, ikaikabidhi kwa shirika la mjini lenye jina la kupendeza. Kazi ya kwanza ya shirika ilikuwa kubandika tangazo juu ya dirisha la mapokezi: TATIZO MOJA KWA KILA MIADI. Ukiwa na mawili, rudi siku nyingine.

Ulilisoma. Ukasema litapunguza foleni.

Basi Reino wakamkatakata. Kichwa kikapelekwa kwa bingwa wa vichwa kule Duluth. Kifua, kwa sababu kilikuwa kinambana asubuhi, kikapewa bingwa wa moyo. Kusahau kwake kukapata bingwa wa tatu, kijana mpole aliyemwambia achore saa. Kila mmoja alikuwa mtu mzuri na kila mmoja alitazama kipande chake kwa makini sana. Wakimlaza kule siku mbili tatu kwa vipimo, Reino alikuwa anaamka na akili zake zote, anawatania wauguzi, anadai kahawa ya maana. Wakasema dawa zinafanya kazi. Akirudi nyumbani, haipiti wiki ananipigia simu kuniuliza Elma kaenda wapi mbona hajarudi.

Elma tulimzika mwezi Septemba.

Kufika Februari, binti yao Darlene, anayeishi Minneapolis, alikuwa amekata shauri. "Mama mdogo, nifanyeje?" aliniambia kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Wamepata kitanda kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Mlango una kufuli, lakini pana joto. Nikimwacha huko Sorvala peke yake atakuja kuganda kwenye theluji." Angekuja Alhamisi kumchukua. Kilichobaki ni sahihi ya daktari wa hapa. Ukishaingia kwenye nyumba ile hutoki, hilo tulilijua wote, na Reino alilijua kuliko sisi.

Jumatano nikampeleka kliniki kwa gari langu, kwa sababu leseni yake walishaichukua.

"Shemeji, gari lako linanuka mbwa," akasema.

"Mbwa alikufa mwaka juzi."

"Basi ni wewe."

Siku hiyo alikuwa hivyo, anakuja na kuondoka. Utani mmoja safi, halafu kimya, halafu anakitazama kitasa cha mlango wa gari kana kwamba hajawahi kukiona.

Daktari wa familia pale ni Lorna Skaff. Babu yake alitoka Lebanoni na mzigo mgongoni, akawauzia babu zetu buti na sindano, na yeye amekulia mji wa pili kutoka huu. Tulipoingia alitazama kompyuta, akatutazama, akaigeuza ile kompyuta ikaelekea ukutani.

"Leo nimeandikiwa kichwa tu, Mzee Reino," akasema. "Na sahihi. Tuanze na wewe mwenyewe. Ulipolazwa Duluth, kichwa kilikuwaje?"

"Kule hakiumi. Kinaogopa magari."

"Na kifua?"

"Nacho kinaogopa."

"Ukiamka hapa nyumbani je?"

"Kama kuna mtu ndani anapasua kuni."

Daktari akaacha kalamu. Niliona kitu kimempita usoni. "Hapa nyumbani unalala wapi?"

Reino akaitazama kofia yake, kofia ya manyoya ambayo Elma alimshonea, akaizungusha magotini.

"Kwangu."

"Unalala vizuri?"

"Sijambo."

Mnajua sisi tulivyo. Mtu wa hapa akivunjika mguu msituni atakwambia hajambo, ila leo hatacheza dansi. Neno lile kwetu ni komeo. Daktari Skaff alijua. Wala hakulisukuma.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa sauti ya Trask, meneja aliyeletwa na shirika. "Daktari, muda."

"Nakuja."

Akainuka. Akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango, mgongo umetuelekea nusu, kama mtu aliyekwisha kumaliza. Nikajisemea, haya, na huyu naye kakata tamaa. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba hakukata chochote. Watu, alisema, wanaleta ugonjwa mdogo kuanzia mwanzo wa miadi, na ule wenyewe wanautoa pale daktari anaposhika kitasa, kwa sababu hapo hawatazamwi tena usoni. Shirika lilipofupisha miadi, alisema, halikukata mazungumzo ya katikati. Lilikata kitasa.

Akasimama hivyo. Hakugeuka. Nami nikashindwa hata kukohoa.

"Kile kitanda," Reino akaiambia kofia yake, "ni kipana mno."

"Kipana kivipi?" daktari akauambia mlango.

Reino akafungua mdomo.

Na mlango ukasukumwa kutoka nje, ukamgonga daktari mkononi, na Trask akaingiza kichwa. "Samahani jamani. Daktari, chumba cha pili wamekuita mara mbili, na huku nje wamejaa mpaka pale mlangoni wanapovulia viatu."

Reino alishavaa kofia. "Tumemaliza," akasema. "Wekeni sahihi mnayoitaka."

"Nitaiweka nikishaelewa," daktari akajibu, na hakuiweka. Lakini alikuwa ameshavutwa kwenda chumba cha pili, na sisi tukatoka, tukawapita wote waliojaa benchini. Ulikuwapo pale. Ulisoma gazeti.

Nikamrudisha kwake. Baridi siku ile ilikuwa ya kufanya pua ishikane ndani. Anga jeupe, hakuna upepo, moshi wa kila nyumba umesimama wima kama nguzo. Nikamwambia nimpashie supu.

"Hapana, shemeji. Niache nijilaze. Kesho Darlene akinipeleka kwenye makufuli yao sitapata usingizi."

"Kuna kahawa?"

"Kahawa ipo. Asiyekuwepo ni wewe, nenda."

Akashuka. Kwenye kioo nilimwona hakuingia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, ambako kuni zinapangwa. Nikaona sawa, anakwenda kuchukua kuni.

Nikapita duka la ushirika na kwa fundi wa gari, saa mbili zikaniishia huko. Nilikuwa sijavua buti simu ilipoita.

"Dada Sylvi." Alikuwa Daktari Skaff, anaongea chini chini, na nyuma yake nasikia mtoto analia. "Chumba chao cha kulala umekiona karibuni?"

"Jumapili. Nilipeleka nguo zilizofuliwa."

"Kitanda kilikuwaje?"

"Kimetandikwa vizuri. Blanketi limekunjwa pembeni vile alivyokuwa anakunja Elma."

"Reino hutandika kitanda?"

Nikaanza kucheka. Miaka hamsini dada yangu alilalamika kuhusu mtu yule na kitanda kile. Kicheko kikafia njiani.

"Hajawahi," nikasema. "Hajawahi hata mara moja."

"Basi ni mikono ya Elma hiyo. Hakijaguswa tangu Septemba." Akavuta pumzi. "Anaumwa kichwa asubuhi, kifua kinabana, akili inaondoka. Akilala Duluth anapona, akirudi hapa anaumwa. Si dawa zinazomponya kule, ni kutokulala hapa. Dada Sylvi, mtu asiyeweza kulala chumbani mwake, hapo nyumbani kwao, atalala wapi penye joto?"

Nilikuwa natafuta funguo za gari. Kwetu kila nyumba ina sauna nyuma yake, kibanda cha magogo chenye jiko la kuni na mawe juu yake, na mabenchi. Ndani yake tulizaliwa, ndani yake mama zetu walioshwa walipokufa. Na nyuma ya nyumba, karibu na kuni, ndiko Reino alikoelekea.

"Alisema anakwenda kujilaza," nikamwambia.

"Piga simu kwa watu wa ambulensi. Mimi natoka."

Nasikia Trask akisema kitu. Nasikia daktari akimjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi andika kwamba niliondoka."

Kutoka kwangu hadi kwa Reino ni barabara moja, na barabara hiyo inakatwa na reli ya mgodi. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka. Nikafunga breki, gari likateleza, likasimama pua ikiwa karibu na kizuizi. Treni ya chuma. Unaijua ile treni, umeitukana maisha yako yote: behewa, behewa, behewa, yote sawasawa, yote yamejaa udongo uleule uliowala baba zetu, na hayana haraka. Nikapiga honi. Nani wa kuisikia.

Katikati ya mabehewa, kila nafasi ilipopita, niliiona nyumba ya Reino upande wa pili wa shamba la theluji. Bomba la nyumba lilikuwa linatoa moshi mwembamba. Bomba la sauna lilikuwa halitoi kitu. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi sikushukuru, kwa sababu ukuta wa sauna ulikuwa umeyeyusha barafu upande wa jiko, nauona unang'aa kwa maji. Jiko lilikuwa la moto. Moto upo, moshi hautoki.

Dirisha langu likagongwa. Daktari Skaff, amevaa viatu vya kliniki, koti halijafungwa vifungo. Gari lake lilikuwa nyuma yangu limeachwa wazi, na ambulensi ya wanaojitolea bado haionekani.

"Kwenye bomba la sauna kuna kibati cha kuziba, sivyo?" akauliza. "Kuzuia joto lisipande juu."

"Kipo. Unakisukuma ndani moto ukishakufa. Ukikisukuma mapema, makaa yanapumulia chumbani."

"Reino anajua hilo."

"Kila mtoto wa hapa anajua hilo."

"Anajua, au anajua kufanya?" Alikuwa ameegemea dirisha langu kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya bluu. "Nyumba ile, kibati hufungwa na nani?"

"Na wa mwisho kuoga. Ndiyo desturi. Wa mwisho anakaa anatazama makaa mpaka ule mwali wa bluu uishe, halafu anafunga."

"Na wa mwisho ni nani?"

"Wanaume wanaingia kwanza, kukiwa bado kuna moto mkali. Wanawake na watoto baadaye. Wa mwisho ni…"

Behewa likapita. Likapita jingine.

"Elma," nikasema. "Miaka hamsini, kila Jumamosi. Reino alikuwa anatoka, anakwenda kunywa kahawa. Sidhani kama aliwahi kukitia mkono."

Wote wawili tukawa tunaitazama ile treni. Nimegoma mara tatu maishani mwangu, nimewekwa rumande mara moja, nimemwangalia dada yangu akikata roho, na sijawahi kuhisi chuki niliyoihisi dhidi ya vyuma vile vinavyojivuta. Mtu analala peke yake katika kibanda kwa sababu kitanda kimemshinda upana. Anakoka moto kama alivyozoea. Kisha inafika ile kazi ya mwisho, kazi ambayo haikuwa yake kamwe, na yuko baridi na mzee na amechoka, kuni anazibania, anasukuma kibati makaa yakiwa bado mekundu. Siku nyingine kinaacha upenyo, anaamka na kichwa. Anakwenda kwa mabingwa na kichwa. Hakuna hata mmoja wao anayeuliza nani alikuwa anafunga kibati kwenu, kwa sababu hilo si la moyo, wala si la kichwa, wala si la kumbukumbu. Hilo ni la Reino.

Behewa la mwisho likapita. Sikungoja kizuizi kiinuke, nilikipita pembeni, na daktari ameshaingia kiti cha abiria.

Njia ya kwenda mlango wa mbele ilikuwa na theluji laini na nyayo chache. Njia kutoka nyuma ya nyumba hadi saunani ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, pana, ya kila siku. Mtu yeyote angeiona. Ilihitaji tu azunguke nyuma.

Mlango wa sauna hufunguka kwa nje na kwa kawaida hauna komeo, ndivyo tulivyofundishwa. Huu ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa kamba, kuzuia upepo. Nikauvuta, ukacheza, ukagoma. Reino ana mtaimbo wa kuvunjia barafu ya ziwani, husimama pembeni ya kuni. Nikaupenyeza ubavuni mwa mlango nikaegemea kwa uzito wote nilionao, na mimi si mtu mwepesi. Kamba ikakatika, mlango ukang'oka.

Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu mbaya. Palinuka kama utoto wangu, magogo na sabuni na majani ya mti wa mbetula tunayojipigia tukioga. Hiyo ndiyo hewa ya sumu ya makaa, haikuambii lolote.

"Usivute pumzi," daktari akasema. "Miguu. Shika miguu."

Alikuwa amelala kwenye benchi la chini, juu ya godoro la kukunja, amejifunika koti la Elma la kijivu. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri, nyekundu, kama mtu aliyetoka kupigwa na jua. Sijawahi kumwona akiwa na rangi nzuri hivyo. Tukamvuta. Kichwa chake kikagonga kizingiti na hakusema kitu. Tukamlaza kwenye theluji, daktari akapiga magoti na zile suruali zake za kliniki, akaweka sikio kwenye mdomo wake.

"Anapumua?"

Akaweka vidole shingoni mwake.

"Lorna, anapumua?"

"Kidogo. Nyamaza nisikie."

Nikanyamaza. Treni ilikuwa inasikika mbali. Daktari akampulizia pumzi, akangoja, akampulizia tena, na mvuke wa mdomo wake ukawa unaganda kwenye ndevu za Reino. Nilishika koti la Elma mikononi sijui nilifanyie nini. Nikaona vidole vyake, vile vidole vinene vya kuchimba, vimelegea kwenye theluji vimekunjuka, na nikaanza kufikiria nitamwambia nini Darlene.

Ambulensi ikafika, vijana wetu wa kujitolea, wakakimbia na mtungi wa hewa. Wakamvisha barakoa usoni. Daktari akashika kifundo cha mkono wake akawa anatazama pembeni, vile wanavyofanya wakihesabu. Kisha Reino akakohoa. Akakohoa tena, vibaya, mwili wote. Jicho moja likafunguka, likazunguka, likaniona mimi, likauona mlango uliong'oka nyuma yangu.

"Shemeji," akasema ndani ya barakoa. "Funga mlango. Joto linatoka."

Nikakaa chini kwenye theluji nikacheka mpaka kijana wa ambulensi akaniuliza kama na mimi niliivuta ile hewa.

Walimpeleka mjini kwa helikopta, wakamweka kwenye chumba cha hewa safi. Darlene alikuja Alhamisi kama alivyoahidi, ila alikwenda hospitali, na ile nyumba yenye kufuli akaipigia simu kuwaambia kitanda wampe mwingine. Bingwa yule mpole akamwambia Reino achore saa. Akaichora, akaongeza na mtu aliyelala chini yake. Si kwamba amerudi kamili. Kuna majina yanamtoroka na mkono wa kushoto unatetemeka. Lakini alipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, akaniambia, "Elma yuko makaburini, shemeji. Mimi nilikuwa najua muda wote. Kitanda ndicho hakijui."

Daktari Skaff alikuja kumwona Jumapili, siku yake ya mapumziko. Nilioka mkate wa iliki. Hakumpima chochote kwanza. Alikula vipande viwili, akamuuliza Elma alikuwa anapenda nini, na Reino akaanza kueleza, akaeleza mpaka kahawa ikapoa, akalia, akapiga kamasi, akaomba kahawa nyingine. Halafu ndipo daktari alipotoa kipimo cha presha. Halafu akapunguza vidonge vya mabingwa. Halafu akavua koti, na sisi watatu pamoja na Darlene tukakitoa kile kitanda kipana, kilikwama kwenye kona, tukatukanana sana, tukakipeleka ghalani. Kitanda chembamba kutoka kwangu kiko jikoni sasa, karibu na jiko lenye bomba zima. Darlene alitaka kuibomoa sauna. Daktari akasema hapana, mtu huyu amezaliwa mle, mkimnyima mle mtamnyima na nafsi yake. Ogeni naye tu. Kwa hiyo kila Jumamosi tunaoga kwa Reino, na mimi ndiye wa mwisho. Nakaa natazama makaa mpaka mwali wa bluu uishe. Kibati nakifunga mimi.

Daktari Skaff amepewa barua na shirika, linataka aachishwe kazi. Aliwatelekeza wagonjwa, wameandika. Nilimkuta Trask nje ya duka la ushirika nikamuuliza mbele ya watu.

"Chumba kilikuwa kimejaa, Sylvi," akasema. Hakuwa anapiga kelele, alikuwa amechoka. "Bi Perala alikaa mchana kutwa na mguu umevimba. Yeye si mtu?"

"Ni mtu. Kwa nini ana daktari mmoja tu wa kugawana na mji mzima?"

"Sipangi mimi."

"Nani anapanga?"

Akaangalia viatu vyake. Nampa haki yake, hakudanganya. Hapangi yeye. Inapanga bodi, na bodi tuliichagua sisi, tukaenda nyumbani tukalala. Bi Perala mwenyewe, na ule mguu wake, ndiye wa kwanza aliyeniambia atasimama kusema daktari abaki.

Bodi inakaa leo, saa moja jioni, ukumbi wa shule. Ajenda ya tatu ni barua ya Daktari Skaff. Ya nne ni kuongeza mkataba wa shirika. Viti vya mbele vitakuwa vitupu kama kawaida, na wao wanavitegemea viwe vitupu.

Kwa hiyo weka karatasi hii chini. Kwanza nenda kwa yule jirani yako, unamjua ni yupi, yule ambaye njia yake ya mbele haina nyayo. Zunguka nyuma. Muulize analala wapi. Akikujibu hajambo usiondoke. Shika kitasa, mgeuzie mgongo, ungoje, na mtu yeyote akitaka kuusukuma mlango huo kutoka nje, uzuie kwa mguu. Akishasema, mvike koti, umlete ukumbini, mkae mbele kabisa. Ikifika ajenda ya tatu, simama. Vaa buti zako. Sasa hivi.